Nyumba ya Kunyata

Mwanamke akiolewa na msikilizaji wa santuri, hufundishwa kutembea upya. Odette alifundishwa mwaka wa kwanza wa ndoa yake, akahitimu. Alijua ubao upi wa sakafu unalia na upi unazama. Alijua kwamba ukipita pembeni, karibu na ukuta, juu ya boriti, nyumba haishtuki. Alijua kwamba santuri ikianza kuzunguka, feni inazimwa hata kama ni Februari na watu wanachuruzika jasho, jokofu linachomolewa ukutani, na mtu mwenye chafya aimeze au atoke nje.

Hakuwa amelazimishwa, tusimsingizie Ewan. Nyumba yao, kama nyingi za kilima kile cha Brisbane, ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo ndefu ili upepo upite chini, na nyumba ya namna hiyo haina siri. Paka akiruka kutoka kitandani, vikombe vya kabatini vinapata habari. Ewan Tolhurst alikuwa fundi wa kutengeneza meza za kuwekea gramafoni, meza nzito zenye springi na raba, za kuzuia mtetemo wa nyumba usiifikie sindano. Watu walimwagiza kutoka Perth na Singapore. Odette alimpenda siku ile ya kwanza alipomwona ameinama juu ya gramafoni, pumzi ameizuia, anaishusha sindano kwa kidole kimoja. Alijisemea moyoni kwamba mwanamume mwenye mkono mwepesi namna hii hawezi kumwumiza mtu.

Sasa ilikuwa Jumapili, mchana wa joto zito lenye kunukia mvua, na Odette alikuwa na jambo tumboni.

Aligundua Jumatano. Alitoka kazini, kwenye bwawa anakofundisha watoto wachanga kuogelea, akapitia dukani akanunua kipimo, akajifungia chooni. Mistari miwili. Alikaa pale akiitazama, furaha na hofu zikigombea nafasi moja, kwa sababu mwaka jana pia ilikuwa miwili, na mimba ile ilifika mwezi wa tano tu. Hakumwambia Ewan. Kila alipofungua mdomo, Ewan alikuwa ama ana santuri inayozunguka ama ana sikio juu ya ubao. Akampigia simu mama yake. Hilo ndilo lilikuwa kosa, kwani siri kwa Mama Carmena Farrugia ni maji kwenye pakacha.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya Ewan kupokea chama. Kila mwezi wasikilizaji wa santuri wa upande ule hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Kila mtu huja na santuri yake moja, huvua viatu mlangoni, na hakuna anayesema neno mpaka sindano inyanyuliwe. Walikuwa watu sita katika chumba cha santuri, wamekaa kama kanisani. Mzee Bevan Sloane, daktari wa meno mstaafu, alikuwa ameleta santuri ya marehemu mke wake, mwanamke akiimba taratibu na piano moja nyuma yake. Ewan alikuwa kwenye kiti chake, kiti kilichopimwa kwa rula kikawekwa mahali pake na hakisogezwi. Odette alisimama mlangoni mwa jikoni, ameegemea ukuta, hatikisiki.

Hapo ngazi za nje zikalia.

Mama Carmena alilelewa kwenye mashamba ya miwa ya Mackay, na mpaka leo alikanyaga sakafu kama anakanyaga udongo. Alipanda ngazi zote, akaingia na viatu vyake, mikononi sinia la pastizzi, vile vitafunwa vya jibini vya kwao, bado zinatoa moshi. Hatua ya nne, sindano iliruka. Ilikwaruza katikati ya neno, mwimbaji akarukishwa mbele, na Mzee Bevan akafumba macho.

Ewan alinyanyuka. Aliitazama sindano kwanza. Kisha akaitazama meza. Kisha, mwisho wa yote, akamtazama mkewe.

"Odette," alisema, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Nilikuomba kitu kimoja tu."

Odette alihisi uso unamwaka. Hakuwa hata amejisogeza.

"Ni miguu yangu hiyo, baba," alisema Mama Carmena. "Mwenzio yuko pale ukutani kama picha. Na mimi niliomba kitu kimoja tu, siku ya harusi yenu. Nilimwomba Mungu mkwe mwenye masikio ya kusikia watu. Naona tumekosa wote wawili."

"Mama, karibu. Ungepiga simu kwanza."

"Nipige simu, itetemeke?"

Wageni wakaanza kutafuta viatu vyao. Wenye adabu walisifu pastizzi, mmoja akachukua mbili njiani. Mzee Bevan alibaki, akaigeuza santuri yake kwenye mwanga, akaipitishia kidole.

"Haijaumia sana," alimwambia Ewan. "Ila ule mngurumo, kijana, bado upo. Chini ya sauti ya yule mama. Kama lori limeegeshwa mahali, injini inawaka."

"Najua upo," alisema Ewan. "Mwaka mzima naufuata. Nimehamisha mashine ya kufulia. Nimemwomba jirani azime pampu ya bwawa lake. Nimebadilisha raba zote. Kilichobaki ni..." Macho yake yalielekea kwenye miguu ya mkewe, na Odette aliyaona yakielekea.

"Niruhusu nishuke chini ya nyumba," alisema Mzee Bevan. "Nina kile chombo changu. Wewe kaa usikilize hii, mimi nitasikiliza huko."

Odette aliingia chumbani, mama yake nyuma yake.

"Chukua sanduku," alisema Mama Carmena.

"Mama, sijasema naondoka."

"Sijakuuliza. Gari liko chini, tanki nimejaza, chumba chako kule kwangu Caboolture nimekitandika. Roho yangu, nilikuzaa ukiwa mtoto wa kukimbia. Ulikuwa unakimbia kwenye korido mpaka babako anashika picha zisianguke. Sasa nakuona unapita kwenye nyumba yako mwenyewe kama mwizi."

"Ananipenda."

"Hata mimi napenda sahani zangu za kauri. Nimezifungia kabatini." Mama aliketi kitandani, na kitanda kikalalamika. "Niambie, mtoto atatambaa wapi? Akianza kurukaruka, utamtundika? Na kile chumba, Odette. Kile chumba kilikuwa cha nani?"

Odette aliutazama ukuta wa chumba cha pili. Chumba cha santuri kilikuwa kimepakwa rangi ya njano mwaka jana mwezi Mei, kumngoja mtoto, na waliipaka wao wawili, wakichafuana kwa brashi. Bado kilikuwa cha njano nyuma ya mazulia mazito ambayo Ewan aliyatundika ukutani.

"Nimwambie kwanza," alisema. "Ni haki yake."

"Mwambie kwa simu. Simu haitikisi sakafu." Kisha mama yake akalainika, akamshika kidevu. "Mwanangu, mimi simchukii. Nilimkataa wakati ule kwa sababu alikuwa kimya mno, nikasema mtu kimya hujui anapika nini. Wewe ukaniambia, mama, kimya chake ni kitamu. Haya. Bado ni kitamu?"

Kutoka chumba cha pili, yule mwanamke alianza kuimba tena. Ewan alikuwa ameirudisha santuri mwanzo. Hakuja kubisha mlango. Odette alisikiliza wimbo ule akingoja hatua zake, kwa moyo wote akingoja, na hatua hazikuja.

"Sanduku liko chini," alisema mwishowe. "Nalifuata."

Chini ya nyumba kulikuwa na giza la kupendeza, harufu ya udongo mkavu na sabuni ya kufulia. Masanduku yalikuwa kwenye rafu karibu na karakana ya Ewan. Katikati, kati ya nguzo za mbao, ilisimama ile nguzo ya zege.

Odette hakuipenda. Ewan aliijenga peke yake mwaka jana, Juni. Alichimba shimo mpaka akafika kwenye mwamba, akamimina zege, akaipandisha nguzo mpaka juu, ikatoboa sakafu na kuingia chumbani bila kuigusa nyumba popote. Kuizunguka aliacha mwanya wa kidole. Meza ya gramafoni ilikaa juu yake. Nyumba ingeweza kucheza ngoma usiku kucha, alieleza, na sindano isijue, kwa sababu sindano imesimama juu ya ardhi yenyewe. Lakini nyumba ilipotikisika, sindano iliendelea kujua, na Ewan alikuwa nusura apate wazimu.

Mzee Bevan alikuwa amepiga magoti pale, ameweka masikioni kile chombo cha madaktari cha kusikilizia moyo.

"Njoo, binti," alimwita. "Masikio yangu yamezeeka, sauti za chini ndizo zilizobaki, lakini siziamini. Weka hapa. Niambie unasikia nini."

Odette aliliacha sanduku. Alivaa chombo, akabandika kile kisahani kwenye zege baridi.

Tu-tu. Tu-tu. Tu-tu-tu. Tu-tu.

Alikitoa upesi kama kimemwunguza.

"Umeusikia," alisema Mzee Bevan.

"Ni kama..." Alishindwa kulitaja. Mara ya mwisho alipolala chali akingoja sauti ya namna hiyo, mhudumu wa hospitali alikisogeza kile chombo huku na huku tumboni mwake, akakisogeza tena, kisha akanyamaza. Ewan alikuwa amemshika mkono. Na yeye alinyamaza, na ni kama tangu siku ile hakuwahi kurudi kusema.

"Tazama huku juu," alisema Mzee Bevan, akamulika kwa simu yake. Pale nguzo ilipopita kwenye sakafu, ndani ya ule mwanya, kulikuwa na kipande cha mbao kimebanwa. "Kabari. Aliweka kadhaa kuzuia zege lisiiguse sakafu wakati linakauka, akazitoa akasahau moja. Kazi yote hiyo, na nyumba imeishika nguzo kwa kidole kimoja. Fundi mzuri kama yule." Alitikisa kichwa kwa huruma. "Basi hatua zinapita hapo. Sawa. Lakini huu mwingine, huu usiokoma, ni wa nani? Mamako yuko wapi?"

"Chumbani, amekaa."

"Wote wameondoka. Mashine imezimwa. Juu yetu hapa kuna nini?"

Odette alitazama mbao juu ya kichwa chake. Alizijua kutoka upande wa pili, moja moja. Boriti ile yenye kabari ilipita moja kwa moja chini ya kiti cha Ewan.

Aliinua mkono, akaweka kiganja kwenye ubao. Ubao ulikuwa unatetemeka, kidogo sana, bila kupumzika. Alisimama pale mpaka mkono ukamchoka, na machozi yakaanza kumshuka bila yeye kuyaita.

Mzee Bevan aliona, akaelewa, akaanza kukunja chombo chake polepole.

"Lorna wangu alipofariki," alisema, "nilikuwa nasaga meno usiku. Sikujua. Nilivunja magego mawili. Daktari wa meno mzima." Alijifuta magoti. "Santuri yangu nitaifuata siku nyingine. Mwambie hakuna haraka."

Odette alipanda juu na sanduku mkononi. Hakuvua viatu.

Ewan alikuwa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, macho ameyafumba. Alikuwa bado mzuri, hilo ndilo lilimuuma Odette. Nywele zake zimeanza mvi pembeni, mikono yake myepesi imelala juu ya mapaja. Na goti lake la kulia lilikuwa linacheza. Kisigino kinapanda na kushuka, mbiombio, kama mguu wa mtu anayengoja kuitwa mahakamani. Yeye mwenyewe alikuwa ametulia kama maji ya mtungi. Mguu ulikuwa na mambo yake.

"Vua viatu, mpenzi," alisema bila kufumbua macho. "Tafadhali."

"Leo sivui."

Alifumbua macho. Akaona sanduku.

"Odette. Ni kwa sababu ya maneno yangu? Nilikosea. Nilikuwa na aibu mbele ya Bevan, ile ni santuri ya mke wake."

"Inua miguu."

"Nini?"

"Inua miguu yote miwili kutoka sakafuni. Halafu sikiliza."

Alimtazama kama mtu anayetafuta mtego, kisha akainua. Ule mngurumo ukakatika. Mwanamke wa kwenye santuri akabaki peke yake na piano yake, safi, karibu, mpaka ikasikika anavyovuta pumzi kabla ya kuimba. Ewan alifungua mdomo. Mwaka mzima alikuwa akiitafuta pumzi ile.

"Sasa shusha."

Alishusha, na lori likawaka tena chini ya wimbo. Akainua. Likazima. Akashusha polepole, akatazama goti lake lenyewe likianza, akaliwekea mkono juu kulizuia, na goti likaendelea chini ya mkono.

"Halitulii," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Tangu lini linafanya hivi?"

"Wewe ndiye mwenye masikio, niambie. Kuna kabari umeisahau chini, Bevan ameiona. Unakaa juu yake. Mwaka mzima, Ewan, umeilaumu miguu yangu. Nimetembea kwa ncha za vidole mpaka visigino vimesahau kazi. Na mngurumo ulikuwa wako."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Siku tuliyotoka hospitali, nakumbuka, hukuvua hata koti. Ulishuka chini ukachukua sururu. Mimi nililala kitandani nasikia unachimba. Nikasema moyoni, ameniacha nimelala hapa anaenda kutengeneza meza ya gramafoni."

Ewan alitazama chini. Santuri iliendelea kuzunguka kati yao.

"Nilitaka kitu kimoja humu ndani kisitikisike," alisema. "Kimoja tu. Nisingeweza kukaa bila kufanya kitu." Odette akangoja, kwa sababu aliona maneno yanapanda. "Yule dada wa hospitali alipokuwekea kile chombo tumboni. Wewe ulikuwa unanitazama mimi, si yeye. Unanitazama kana kwamba mimi nitasikia. Na mimi kazi yangu ni kusikia, Odette. Nasikia mpiga piano akigeuza karatasi. Watu wananilipa nisikie. Nilisikiliza siku ile kwa nguvu zangu zote, na hapakuwa na kitu. Nikadhani labda kuna kelele mahali. Labda ni ile feni yao, labda ni lifti. Nikadhani pangekuwa kimya kabisa, ningemsikia."

Odette alikaa juu ya sanduku lake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia."

"Huo ndio wakati wa kuniambia. Ulitaka uniambie nikiwa nacheka?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Unajua nilikuwa nalilia wapi? Chooni. Nafungua bomba usinisikie. Halafu nikakumbuka bomba likifunguliwa mabomba yote ya nyumba yanatetemeka, na wewe una santuri. Nikalifunga. Nikajifunza kulia bila sauti, Ewan. Nimekuwa hodari. Ungenipa cheti."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Leo nasema vyote."

Alisimama na kumsogelea. Alitamani kukishika kichwa kile, kukilaza kifuani kwake, kumaliza ugomvi hapohapo kama walivyozoea, kwa mkono tu na bila maneno. Alikuwa na hamu naye mpaka vidole vilimwasha. Lakini alijua kwamba akifanya hivyo watanyamaza tena wote wawili, na kimya kile kingewameza, na safari hii walikuwa watatu.

"Naenda kwa mama," alisema.

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Nitaitoa kabari. Leo hii. Utaweza kutembea utakavyo, hata kucheza, sindano haitaruka tena."

"Hujanielewa. Ukiitoa, nitaruka sakafuni na wewe hutajua hata kama nipo." Alitikisa kichwa. "Si kabari. Ni macho yako. Kila nikikosea hatua, kila kitu kikianguka humu ndani, unaitazama sindano kwanza. Halafu meza. Halafu mimi. Mwezi uliopita niliteleza na kikapu cha nguo, nikaanguka kwa magoti, nikainua uso. Ulikuwa umeinama unaangalia santuri."

Ewan hakukana. Alikumbuka, Odette aliona usoni mwake anakumbuka.

Mama Carmena alitokea mlangoni na mkoba begani. Kwa maajabu ya Mungu, hakusema kitu.

Odette alichukua sanduku. Hakupita pembeni, juu ya boriti. Alipita katikati ya chumba, kwa kisigino, ubao unaolia na ubao unaozama, kila hatua kwa uzito wake wote. Sindano iliruka. Iliruka tena, ikateleza ikikwaruza, ikamkata yule mwimbaji vipande vipande. Alipofika mlangoni aligeuka, kwa mazoea tu, kuona ubaya aliofanya.

Ewan alikuwa anamtazama yeye.

Sindano ilikuwa inaichana santuri ya mke wa Bevan, kitu ambacho siku yoyote kingemfanya aruke kama amemwagiwa maji ya moto, na hakugeuza shingo. Alimtazama Odette, na macho yake yalikuwa yamejaa. Odette aliona, moyo ukampasuka, akashuka ngazi hivyo hivyo.

Mvua ilishaanza, matone makubwa ya joto, harufu ya lami. Mama Carmena aliwasha gari, akaweka sinia la pastizzi zilizobaki kwenye mapaja ya bintiye.

"Kula."

"Sina njaa, mama."

"Sikukupa wewe."

Odette alicheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kilio, kilio cha sauti, cha kupiga kelele, ndani ya gari dogo lililofungwa madirisha. Mama yake hakumnyamazisha. Aliacha mkono kwenye gia, akatazama mbele, akangoja.

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguliwa.

Ewan alikuwa na soksi tu, zimelowa, shati limemgandama. Alisimama nusu ndani nusu nje, hajui aombe nini.

"Sikuja kukurudisha," alimwambia Odette. "Nimekuja tu. Nikikaa pale juu nitaanza kurekebisha kitu."

"Sijakusamehe," alisema Odette bila kugeuka.

"Najua."

"Na hukuchukua viatu."

"Najua."

Katikati ya mvua, kutoka madirisha ya juu, ilisikika: kwi, kwi, kwi. Santuri ilikuwa imefika mwisho, sindano inakwaruza mahali pamoja, inajila. Odette hakuwahi katika maisha yake ya ndoa kusikia sauti ile ikidumu.

"Hukuinua sindano," alisema.

"Sikuikumbuka."

Mama Carmena alipiga honi, fupi, bila sababu yoyote.

"Baba, unaingia au unatoka? Unanilowesha viti." Ewan akaingia, akaufunga mlango. "Haya, fungeni mikanda vizuri. Barabara ina maji, na mimi nina watu wanne humu."

Gari likaanza kurudi nyuma. Odette alifumba macho, akamlaani mama yake kimoyomoyo, akangoja. Nyuma yake Ewan alikuwa anahesabu. Alimhesabu Mama Carmena, akamhesabu mkewe, akajihesabu mwenyewe, kisha akaanza upya, na aliporudi mara ya pili kwa mkewe, alikwama hapo.

"Odette," alisema.

Odette aliuhisi mgongoni, kupitia kiti: mguu wa mumewe umeanza, unagonga, mbiombio, umekutana na chuma cha gari na gari zima linajua.

Alipitisha mkono nyuma kati ya viti viwili, akapapasa bila kugeuka mpaka akalipata lile goti, limelowa chapachapa. Hakulibana. Aliuweka mkono juu yake, akaliacha litetemeke.